Shimo la Mashine Kumi na Mbili

Saa kumi na moja na nusu alfajiri kengele ya internat yetu, yaani shule ya bweni, hulia, na wasichana wote wa bweni la juu huamka kwa heshima kubwa, isipokuwa wale wanaoamka kwa kuvutwa blanketi. Tunapanga foleni ya maji, tunasali, tunakunywa uji, kisha tunanawa mikono kwenye ndoo ya klorini iliyowekwa mlangoni pa kila darasa tangu miaka ya Ebola. Ugonjwa uliondoka, ndoo zikabaki. Butembo haiamini magonjwa haraka hivyo.

Jumatatu na Alhamisi darasa letu huingia chumba cha kompyuta. Kuna mashine kumi na mbili, na mlinzi wake ni Gamaliel, mwanafunzi wa mwaka wa sita, kijana anayefuta vumbi hata pasipo na vumbi. Yeye na Préfet Ézéchiel, mkuu wa shule, ndio pekee waliojua neno la siri la msimamizi. Sisi wengine tuliweza kuandika insha na kuhifadhi kazi zetu, basi. Kuweka tangazo kwenye kioo kikubwa cha ukumbi wa chakula, skrini iliyounganishwa na mashine hizo, ilikuwa kazi ya Gamaliel peke yake.

Ndivyo ilivyodhaniwa.

Mimi naitwa Kahongya Christa, nina miaka kumi na minne. Katika historia tukufu ya shule yetu nitakumbukwa kwa kuweka chumvi kwenye bakuli la sukari la walimu, na kwa kumvisha jogoo wa mpishi tai ya Préfet siku ya ugeni. Watu walidhani nafanya hivyo kwa furaha. La. Mwaka juzi baba alikwenda shambani kwetu Mabalako na hakurudi hai. Matangani watu walilia. Mimi niliosha sahani zote, nikamaliza, nikaziosha tena. Tangu siku hiyo kitu ndani yangu kilikaa kimya. Nilipofanya utani, nyuso za wenzangu zilichangamka, nami nikasimama karibu nazo kama mtu anayeota moto wa jirani.

Wakati wa likizo, binamu yangu anayetengeneza simu karibu na soko la Bulengera alinipa programu ndogo kwenye clé, kile kidude cha kubebea faili.

"Hii inafungua mashine za zamani," alisema. "Unaingia kama mutoto wa shule, unatoka kama chef, mukubwa wa mashine yote. Hata neno la siri hawakuulizi."

Alhamisi ya kwanza baada ya likizo nilikaa mashine ya saba, nikachomeka clé, nikafungua programu. Haikuchukua hata dakika moja. Mashine ilinitii. Nikaandika tangazo kwa lugha nzito ya Direction, ofisi ya uongozi wa shule:

"Kwa amri ya Direction, internat imefungwa siku nne kuanzia leo saa sita. Kila mwanafunzi aende kwao. Nidhamu na usafi."

Maneno ya mwisho niliyaongeza kwa sababu matangazo yote ya Préfet huishia hivyo. Fundi mzuri hasahau vipengele vidogo.

Saa sita kamili tangazo likatokea kwenye kioo cha ukumbi wa chakula. Watu walishangilia, wakarusha sahani za plastiki, wakakimbilia mabweni. Baada ya dakika ishirini Préfet alifika akipuliza filimbi, na kila mtu akarudishwa kwenye maharagwe yake. Nilikula yangu yote. Nilidhani mchezo umekwisha.

Walipohesabu wanafunzi, alikosekana mmoja: Rébecca, msichana mdogo wa mwaka wa kwanza, ambaye kwao ni Mangina, njia ya kupitia Beni.

Walimtafuta kwa saa mbili. Mchana huo habari zilifika kwamba risasi zimesikika kwenye barabara ya Beni na magari mawili yamegeuza. Walimu walisimama getini wakitazama barabara. Ndipo taksi ya mzee Nassoro, anayebeba abiria kati ya Butembo na Beni, ilipoingia uani, na Rébecca akiwa kiti cha mbele na mfuko wake magotini.

"Nilimukuta parking amelipa nafasi yake," Nassoro alimwambia Préfet. "Nikamuuliza, mama, karatasi yenye muhuri iko wapi? Anasema wametangaza kwenye kioo. Mimi hapana beba mutoto wa internat kwa maneno ya kioo."

Nilisikia haya nikiwa mita tano tu. Niliyasikia kama mtu anavyosikia bei ya mihogo.

Préfet hakuhitaji uchunguzi mrefu. Watu wawili wanajua neno la siri. Mmoja ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo aliyeandika ni Gamaliel. Hesabu safi, jibu lisilo sahihi. Ilitangazwa kwamba kesho yake saa nane Gamaliel atafukuzwa. Alikuwa amebakiza miezi miwili afanye mtihani wa taifa. Neno la siri likabadilishwa, na Direction ikalala ikiamini kwamba mashine zimepona.

Ijumaa wakati wa mapumziko nilimkuta Gamaliel uani akifunga godoro lake kwa kamba. Hakuwa analia. Alikuwa akifikiri kwa sauti.

"Labda niliacha mashine wazi," aliniambia. "Jumanne niliitwa haraka kwenda kupokea mkaa. Lakini nakumbuka nilifunga. Ama labda niliandika neno la siri mahali. Christa, weye huwa unakaa mbele, uliona karatasi yoyote?"

"Hapana."

"Iko tu kosa langu fulani. Sijaliona bado."

Nikasimama pale. Nilingoja moyo wangu useme kitu, na moyo wangu haukusema. Lakini akili yangu ilikuwa nzima, na ilijua mambo mawili: huyu kijana anatafuta kosa ambalo halipo, na lile lililopo bado limo ndani ya mashine, wazi kama mlango wa zizi. Nikaona kwamba ukweli unaweza kusemwa hata na mtu asiyehisi kitu. Ni kutembea tu hadi ofisini, mguu baada ya mguu. Nikatembea.

"Ni mimi niliyeandika tangazo, Monsieur le Préfet," nilisema.

Préfet hakuinua kichwa. "Christa, leo hapana siku ya michezo. Enda darasani."

"Si mchezo."

"Ulisema hivyo hivyo juu ya jogoo."

Hapo nililipwa mshahara halali wa utani wangu wote. Nikamwomba aweke neno jipya la siri yeye mwenyewe, lolote, kisha anipe dakika mbili. Akainua kichwa, akachukua funguo. Chumbani, kwenye mashine ya pili, alifunika kibodi kwa kofia yake, akaandika neno refu, akasogea. Nikaingia kama mwanafunzi wa kawaida. Clé, programu, kusubiri kidogo. Kisha nikaandika kwenye kioo: "Nidhamu na usafi."

Préfet aliketi kwenye benchi polepole.

"Muite Gamaliel," alisema. "Na alifungue godoro."

Tulimpigia simu Asma, ambaye sote humwita Yaya, yaani dada mkubwa, binti wa mfanyabiashara wa Mulekera huko Beni, fundi aliyezifunga mashine zetu miaka mingi iliyopita. Préfet aliweka simu mezani kwa sauti ya juu.

"Noyau yenu ni namba gani?" aliuliza Asma. Gamaliel akasoma namba kwenye kioo.

"Hiyo iko babu," alisema Asma. "Sikilizeni. Noyau ndiyo kiini cha mfumo wote. Inakaa kati ya programu na mashine. Programu ikitaka faili, inaiomba. Ikitaka nafasi ya kumbukumbu, inaiomba. Yenyewe ndiyo inaamua nani aruhusiwe nini. Sasa ya kwenu iko na kosa la hesabu. Mutu akiiomba kwa hila fulani, inaandika mahali haikupaswa kuandika, na mwanafunzi anageuka chef. Mukibadilisha neno la siri mara mia, hapana saidia. Hilo shimo haliko mlangoni, liko kwenye msingi."

"Na dawa yake?" aliuliza Préfet.

"Mafundi waliliziba miaka mitatu imepita. Kiraka kiko, cha bure. Kila mwezi wanagundua makosa mengine na wanatoa viraka vingine. Mashine zenu zilipaswa kuvichukua zenyewe. Nani alifunga mise à jour?"

Gamaliel aliangalia sakafu. Préfet aliangalia dirisha. Katika mji wetu hakuna duka, ofisi wala shule isiyojua msemo huu: mise à jour inakula mégas, yaani masasisho yanamaliza kifurushi cha intaneti. Mtu akinunua simu, kabla hata ya kumpigia mama yake, anazima masasisho. Ndiyo busara yetu.

"Ni mimi," alisema Préfet. "Nilimwamuru Gamaliel azime zote, ili tuokoe mégas. Alinikataza mara mbili."

"Mara tatu," alisema Gamaliel kwa adabu.

Asma hakucheka. Aliuliza swali jingine, na hilo lilikuwa langu. "Weye mutoto wa clé. Imeingia mashine ngapi? Nipe orodha, kama wakati wa Ebola. Kila iliyoguswa, na kila iliyogusana na iliyoguswa."

Niliandika: mashine ya saba, mashine ya pili, kompyuta ya duka la binamu yangu, na ile ya rafiki yake. Binamu angenikasirikia. Niliandika hata hivyo. Asma akaamuru clé yangu iwekwe kwenye bahasha na isiguswe bila ruhusa yake, na ushujaa wangu wa fundi ukaishia humo.

Jumamosi asubuhi barabara ilikuwa imetulia. Asma alipakua kiini kipya huko Beni, akakiweka kwenye clé mpya, akaikabidhi kwa Nassoro ndani ya bahasha yenye saini na muhuri wake. Adhuhuri Nassoro aliitoa mfukoni mwa shati. "Hii iko na muhuri," alisema, akiniangalia zaidi kuliko ilivyohitajika.

Hatukuiingiza hivi hivi. Asma alitusomea kwa simu alama ndefu ya herufi na namba, nasi tukailinganisha na ile ambayo mashine ilikokotoa kutoka kwenye faili. Herufi moja tu ikitofautiana, maana yake mtu ameigusa faili njiani. Zililingana. Gamaliel akaweka kiini kipya kwenye mashine ya kwanza, akaiwasha upya, akaendelea hadi ya kumi na mbili. Kazi yangu ilikuwa kumfuata nyuma na kujaribu kuvunja kila moja, kwa programu ile ile, ambayo Asma aliruhusu itolewe kwenye bahasha kwa jaribio hilo tu, Préfet akiwa amesimama begani mwangu.

Mashine ya kwanza ilikataa. Ya pili ikakataa. Ya tisa iliniruhusu.

"Kiraka ni kibovu," alisema Préfet.

Gamaliel aliinama akatazama. "Hii sikuiwasha upya. Kiini kipya kimo ndani, lakini cha zamani ndicho bado kinatawala." Akaizima, akaiwasha, nikajaribu tena. Kioo kikaandika kwamba sina ruhusa. Sijawahi kukataliwa mara kumi na mbili kwa siku moja. Jogoo mwenyewe hakunitendea hivyo.

Kabla ya chakula Préfet alisimama mbele ya shule nzima, akavua kofia. Alisema kwamba Gamaliel hana hatia na anabaki. Kwamba yeye mwenyewe alizima ulinzi wa mashine ili kuokoa mégas. Na kwamba aliyeandika tangazo amejitaja na ataadhibiwa. Halafu akanifuata kwenye benchi langu.

"Kuna mutu mumoja bado hujamwambia," alisema.

Rébecca alikuwa akifua soksi nyuma ya bweni. Nilimwambia kwamba tangazo lilikuwa langu.

Aliendelea kufua. "Mama amezaa," alisema. "Nilikuwa nimeshachagua jina la mutoto, pale kwenye taksi. Nikasema nikifika nitamubeba wa kwanza." Akakamua soksi. "Kisha mzee Nassoro akaniuliza karatasi, akageuza gari kuja huku."

"Nisamehe, Rébecca."

"Nitaona," alisema.

Nilirudi uani, na kifuani kulikuwa na kitu. Kilikuwa kama mguu ulioukalia hadi ukafa ganzi, ukianza kuamka. Préfet alikuwa akinisubiri kwenye ngazi.

"Inauma," nilimwambia, maana sikujua la kusema jingine.

"Kaa hapa," alisema, akaketi kwanza yeye. "Gamaliel alikuwa anatafuta kosa lake, na hapakuwa na kosa. Mimi langu nililificha nyuma ya mégas. Weye lako nyuma ya kicheko. Na shimo lilikuwa palepale, mutoto akakaribia kupita ndani yake. Kila mutu anakosea, Christa, hata waliotengeneza hiyo noyau. Lakini wao, wakiona kosa, wanalisema upesi kwa mutu anayeweza kulitengeneza, hawalifanyi mchezo. Ulipokuja ofisini, ulikuwa unaona uchungu?"

"Hapana, Monsieur. Sikuona kitu."

"Na ulikuja. Hilo sitalisahau." Aliinuka, akavaa kofia. "Adhabu yako: utaandika ripoti ya yote uliyofanya, yenye jina lako. Asma ataipeleka kwenye shule zingine zenye mashine kama hizi. Na kila Alhamisi hadi mwisho wa mwaka utachukua viraka vipya pamoja na Gamaliel, na kuwasha upya mashine zote kumi na mbili."

"Na hiki kinachouma?"

"Acha kiendelee kuuma," alisema Préfet.