Mshono wa Mama

Gauni lilikuwa limebana. Jambo dogo hilo, mjamzito gani nguo hazimbani? Lakini huyu alikuwa fundi cherehani, wateja walimwita Pini kwa sababu pini hazikumtoka mdomoni, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amefumua mishono ya ubavuni akaliachia mwenyewe. Sasa anarudi kutoka kula, gauni lipo palepale kwenye msumari, na mishono imerudishwa ndani. Kwa mkono, tena vizuri kuliko anavyoshona yeye.

"Mama, nani kaingia chumba cha kazi?"

Mama yake aliishi na Pini na mumewe tangu macho yalipoanza kuingia ukungu. Alikuwa kitini, mikono mapajani. "Nani aingie, mwanangu? Umelibana mwenyewe ukasahau. Mimba hiyo, inavuruga akili."

Pini akacheka. Kwa nini asicheke? Huyo ndiye mtu pekee aliyemwelewa. Kabla ya mimba hii, mama mkwe kila akija alimkodolea tumbo: "Vipi, mwaka huu nao unapita hivihivi?" Mume alikuwa mpole, lakini naye alitaka mtoto. Mama tu ndiye aliyemwambia tangu usichana, "Usiwasikilize. Ukibeba mimba, hesabu umeniaga." Maana dada yake Pini alifariki akijifungua, mikononi mwa mama huyohuyo, na Pini alikua na hofu hiyo mpaka akadhani kazaliwa nayo. Mimba ya kwanza ilipotoka alilia, halafu, kwa aibu yake, akahisi nafuu. Hii ya pili ilimshangaza. Aliitaka. Aliitaka mpaka akajiogopa.

Basi akawa anaachia, linabanwa. Anaachia tena, linabanwa tena. Akiwa jikoni alisikia uzi ukivutwa kwenye kitambaa, taratibu, kule chumbani kusiko na mtu. Kulikuwa na harufu pia, ya damu mbichi na sabuni ya kufulia, harufu ya chumba alichofia dada. Siku moja aligeuza gauni, akautazama mshono kwa karibu. Kila baada ya hatua chache sindano ilirudi nyuma ikafunga kifundo kidogo cha kufichwa. Alijua mtu mmoja tu anayeshona hivyo, na mtu huyo siku hizi hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano.

Akashona gauni jingine, pana kama shuka, akalivaa asilivue. Ndipo mchana mmoja, jua likiwaka dirishani na watu wakipita nje wakiongea habari zao, alihisi kitu cha baridi kikimpanda ubavuni, akatazama, akaona kitambaa kinakunjika chenyewe, kifundo baada ya kifundo, upande huu na upande ule, kinakuja mbele, kinamkaza kiunoni, kinashuka tumboni, na mtoto ndani akapiga teke moja kisha akatulia, na pumzi ikamkatika, na harufu ile ikajaa chumba kizima.

"Mama! Mama, nisaidie!"

Mama alikuwa palepale kitini, machozi yanamtiririka. Hakuinuka. Ni mume aliyeingia mbio, akashika mkasi, akalichana gauni.

Kesho yake akaletwa mganga, mwanamke mnene mwenye maneno machache. Aliweka kiganja tumboni mwa Pini, akanong'ona dua, akauliza, "Umekuja kumuua?"

Sauti ikatoka mdomoni mwa Pini, na haikuwa yake. "Sikuja kuua. Nimewekwa nimlinde."

"Umlinde na nini?"

"Na mimba. Ile ya kwanza niliibana mpaka ikatoka, aliyeniweka akanishukuru."

"Yuko wapi?"

"Yumo humu ndani. Analia."

Pini aliyasikia yote yakipita mdomoni mwake. Akageuka. "Mama, wewe?"

"Nilishamzika mmoja. Ulitaka nikuzike na wewe?"

"Mimba ile ilipotoka ulinikanda kwa maji ya moto, mama. Ulilia na mimi."

"Nililia kweli, mwanangu."

Hilo ndilo lililommaliza, jamani. Mama angesema alijifanya, Pini angepata angalau mtu wa kumchukia vizuri.

Mganga akamlazimisha mama amfukuze jini aliyemwita, kwa mdomo wake. "Nimekuacha. Nenda," mama alisema, na harufu ikaisha. Siku hiyohiyo akapelekwa kwa mjomba. Pini hakutoka kumuaga.

Alijifungua, ingawa damu ilimtoka mpaka wauguzi wakaanza kupigana vikumbo. Akaishi. Mtoto alikuwa wa kike.

Alasiri moja mume alichungulia, akamkuta kamlaza mtoto mapajani. "Afadhali yameisha," alisema, akaenda zake sebuleni. Pini akamtazama binti yake, akaiona siku atakayokuwa mkubwa, naye amelala kwenye kitanda kama kile alichojifungulia Pini, damu inatoka na watu wanakimbia. Hofu ikampanda. Aliijua imetoka kwa nani, na alimchukia aliyempa. Hata hivyo aliinama, akanong'ona:

"Bado upo?"

"Nipo," ikamjibu, karibu kabisa na sikio. "Huyu naye nimlinde?"

Pini akainuka na mtoto, akaufunga mlango ili mumewe asisikie jibu lake.