Kimya cha Binti Hemedi

Siku ya soko mjini Kitui, mwaka wa elfu moja mia tisa arobaini na tatu, mwalimu Muthama alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha fundi Mbuvi bila suruali. Msicheke. Suruali ya maana alikuwa nayo moja tu, nayo ilikuwa chini ya cherehani ikitiwa kiraka, kwa hiyo fundi alimwazima kipande cha kitambaa cha marekani ajifunge kiunoni. Juu ya mapaja aliweka kitabu kinene cha Kiingereza alichopewa na mmisionari wa shule yake.

Kilikuwa kitabu cha hadithi za Wazungu wa zamani, mashujaa wa farasi waliovaa chuma mwili mzima na kupigana kwa ajili ya wanawake. Ukionyesha picha kama hizo sokoni, nani ataondoka? Kina mama wa mbaazi waliacha vikapu, wachukuzi wakatua mizigo, na Muthama akawa anasoma mstari kwa Kiingereza, kisha anawafasiria kwa Kiswahili.

"Bwana huyu alimpenda bibi mmoja aliyekaa ngomeni," alisema. "Akamtumikia miaka saba. Siku moja akapiga magoti, akamwuliza, je, wanipenda? Bibi hakujibu neno. Basi shujaa akapanda farasi, akaenda vita vya mbali, akafa huku akilitaja jina lake."

"Na hiyo sufuria kichwani hakuivua hata siku ya kuposa?"

Watu waliangua kicheko. Aliyeuliza alikuwa msichana wa buibui jeusi, macho yana wanja, mkononi ana kitambaa cha kijani alichomletea fundi. Ni Tima, binti wa Mzee Hemedi mwenye duka karibu na msikiti. Babu yake alitoka pwani na misafara, akaoa Mkamba, na Tima alizitema lugha zote mbili bila kumeza mate.

"Dada, hii ni hadithi ya heshima," Muthama alisema, akivuta marekani ifunike magoti. "Maana yake ni kwamba muungwana hamsumbui mwanamke. Akinyimwa neno, anaondoka na mapenzi yake moyoni."

"Maana yake ni kwamba alikuwa mjinga. Labda bibi wa watu aliona haya. Labda jino lilimuuma siku hiyo. Si angengoja kidogo?"

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu kimeandikwa na mwanamume. Mwalimu, marekani inafunguka."

Ilikuwa inafunguka kweli. Muthama aliishika kwa mikono miwili, kitabu kikaanguka, na kabla ya jioni alikuwa amependa mpaka akasahau kwenda kwa mwalimu mkuu kuchukua chaki.

Tangu hapo kila siku ya soko alikuwa na kitu cha kushonewa. Fundi Mbuvi akachoka. "Mwalimu, hii shati haina hata tundu," alimwambia. "Nikushonee nini, mdomo?" Tima naye alikuja na shangazi yake Sauda, mama mnene mwenye roho nyepesi, aliyejifanya anapiga usingizi kwenye gunia huku wawili wale wakibishana juu ya mashujaa. Muthama aliona heshima ambapo Tima aliona kiburi. Akisoma kwamba shujaa fulani aliapa asilale kitandani mpaka aue joka, Tima alisema, "Na mkewe alale na nani, na joka?"

"Wewe huna huruma, mpenzi," Muthama alimwambia siku moja. Neno lilikuwa limeshatoka.

Tima alitazama chini. "Kama ni mpenzi, mbona huji kwa baba?"

Hapo mambo yakawa mazito. Muthama alikuwa Mprotestanti wa Kasikeu, na mama yake, Kavata, aliongoza kina mama kuimba kanisani. Mzee Hemedi alisema wazi: kijana akisilimu, yeye hana ugomvi, ila binti lazima aulizwe. Muthama akaenda nyumbani kumwambia mama yake. Kavata alilia siku tatu. Siku ya nne alimwita.

"Mwana wakwa, mwanangu," alisema, "nenda. Mimi nitaona aibu kanisani, lakini aibu haiui. Sitaki uzeeke ukinilaumu."

Kwa hiyo mjue alichokibeba siku alipoingia kwa Mzee Hemedi: dini aliyokubali kuiacha na aibu ya mama yake. Hakuwa amebaki na kitu kingine cha kutoa.

Alifuatana na mjomba wake Kivuva, mzee mkali wa kofia ya kahawia. Walikaa sebuleni, wamevaa vizuri, viatu wameviacha mlangoni. Mzee Hemedi na wazee wawili waliingia ndani, nyuma ya pazia, na maneno yote yakasikika.

"Tima mwanangu, mwalimu Muthama amekuja kukuposa, na dini yetu ameikubali. Unamtaka?"

Kimya.

"Tima, unamtaka?"

Kimya. Akaulizwa mara ya tatu. Hata kikohozi hakikusikika.

Mtaa mzima wa Waislamu pale Kitui, mpaka watoto, walijua maana yake. Mwanamwali akiulizwa, kama hataki atasema hataki, au atalia mpaka jirani ajue. Kama anataka, atainamisha kichwa, na wazee watajua amekubali. Kupiga kelele za ndiyo ni kukosa adabu. Tima alikuwa amekaa mkekani, pindo la leso amelisokomeza mdomoni ili furaha isimtoke kwa sauti, machozi yanamdondoka. Hajawahi mtu kusema ndiyo kwa nguvu kuliko alivyosema yeye bila neno.

Lakini sebuleni mjomba Kivuva alishaanza kutafuta fimbo yake.

"Kwetu msichana huulizwa akajibu mbele ya wazee," alinong'ona. "Huyu ameulizwa mara tatu! Twende, wasije wakatuambia usoni."

"Mjomba, tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Unataka aulizwe mara ya nne?"

Muthama alitazama lile pazia. Akakumbuka yule bibi wa ngomeni na shujaa wake, akaona kwamba sasa ni zamu yake kuwa muungwana. Hapo ndipo mimi humkasirikia, kwa sababu hatua sita tu zilimtenga na jibu. Akavaa viatu, akaondoka. Ndani, wazee walikuwa wakisoma Fatiha. Shangazi Sauda alipotoka na sinia ya haluwa na kahawa, alikuta viti vitupu.

"Nimempa binti yangu, naye ameondoka bila kuniaga!" Mzee Hemedi alifoka. Alikula kiapo kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayemfuata.

Tima alisema, "Amemwogopa mama yake. Amerudi kanisani." Alilia usiku na mchana, na kile kitambaa cha kijani hakikushonwa.

Wiki ile Keya, jeshi la Waingereza, walikuwa wakiandikisha vijana wa vita. Muthama alipanda lori asubuhi iliyofuata, na hakuandika barua. Katika fasiri yake, mwanamke aliyekunyima neno humwandikii.

Kule Bama, vitani mbali upande wa Bara Hindi, mvua ilinyesha mpaka buti zikaota kuvu. Jioni moja ya mwezi wa tisa mwaka wa arobaini na nne, wenzake walimwomba hadithi, akawasimulia yake mwenyewe. Alipofika kwenye pazia, koplo wake, Rashid wa Mombasa, aliruka.

"Ngoja! Aliulizwa mara tatu, akanyamaza?"

"Akanyamaza."

"Hakulia? Hakusema hataki?"

"Hakusema kitu, koplo."

"Lahaula! Muthama, ulikubaliwa! Mwanamke kakukubali mbele ya mashahidi, wewe ukavaa viatu!"

Muthama hakulala. Kulipokucha aliomba karatasi, akaandika: "Tima, roho yangu, nilikuwa mjinga, sikujua. Nimejua leo. Kama bado wanitaka, ningoje, narudi." Barua ikaenda.

Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Jibu halikuja. Zamani angekata tamaa, lakini sasa alikuwa ameelimika. "Kanyamaza," alimwambia Rashid huku akicheka. "Kwa hiyo amekubali." Rashid alitaka kusema kitu, akaona jinsi kijana alivyofurahi, akaacha.

Mapema mwaka wa arobaini na sita, treni iliyowarudisha askari kutoka Mombasa ilisimama Emali kunywa maji. Wauza ndizi walikimbilia madirishani. Muthama alitoa kichwa nje, na katikati ya wale watu akaliona buibui, akayaona na yale macho.

"Tima! Tima wangu!"

Tima aligeuka, akashika kifua. Alisogea polepole mpaka chini ya dirisha.

"U hai," alisema.

"Ni hai! Hukunijibu barua, nikajua. Safari hii sikukosea, nimefundishwa. Nikitoka Nairobi nakuja kwa baba yako, nimpigie magoti."

"Barua ilifika, Muthama," Tima alisema. "Ilinikuta na wiki tatu za ndoa. Mke wa mtu angekujibu nini?"

Kule mwisho wa stesheni mwanamume wa kanzu alikuwa akipakua marobota. Ndiye Shee, mwenye duka pale Emali. Muthama alimtazama, kisha akamtazama tena Tima.

"Walikuuliza kwanza?" aliuliza. "Labda ulinyamaza tu kwa huzuni, wao wakadhani..."

"Sikunyamaza." Tima alifuta uso kwa kiganja, wanja ukaenea shavuni. "Mwaka mzima nilikungoja bila habari. Nilijiuliza, kwani nilikosea wapi, si nilikubali kama mama zangu walivyokubali? Basi walipoleta habari za Shee, baba hajamaliza hata kuuliza, nikasema ndiyo. Kwa sauti, mpaka shangazi akaniziba mdomo kwa aibu. Niliogopa huyu naye yuko sebuleni, atavaa viatu aende."

Filimbi ikalia. Muthama alinyoosha mkono, Tima hakuushika, ila hakuondoka. Treni ikaanza kusogea.

"Tima!" Shee aliita kutoka kwenye marobota.

"Abee!" aliitikia, akageuka akaenda.