Usimwandike Mtoto Wangu

Kila asubuhi kabla ya shule nilimsaidia mama kuanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, nyuma ya nyumba yetu, upande wa ziwa ukitoka Kisian. Nikimaliza nilinawa mikono kwa sabuni, nikarudia tena, maana kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu na Mwalimu Shitanda hakupenda vitabu vinavyonuka samaki. "Selpha nyathina, mwanangu," mama alizoea kuniambia, "ukipita mtihani huu, utaanika omena ukitaka tu." Nilikuwa darasa la nane, mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na hesabu niliiweza kweli. Sijisifu, muulize yeyote.

Lakini mwaka huo wa 1991 Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Amolo, alikuwa anajenga. Hakuwa anajenga darasa, la hasha! Alikuwa anajenga nyumba yake mwenyewe. Na mchanga ulibebwa na nani? Na sisi wa darasa la nane, eti kwa sababu tulikuwa na nguvu. Tuliutoa ufuoni kwa makarai kichwani mpaka kiwanjani kwake, na kipindi cha hesabu kikapotea hivyo hivyo, wiki baada ya wiki.

Siku moja nikaweka karai chini. Nilisema kwa heshima zote, "Mwalimu, tafadhali, leo tuna hesabu, na mtihani uko karibu."

Wenzangu wakasimama; Mwalimu Shitanda naye alikuwa pale, akatazama pembeni. Bwana Amolo akanikazia macho. "Kumbe siku hizi ni wewe unayepanga ratiba ya shule hii?"

"Hapana, Mwalimu."

"Nenda nyumbani. Urudi na mzazi."

Mama aliacha omena zake juani akaja nami ofisini. Bwana Amolo akamwambia kwamba nina kiburi na kwamba nachochea wenzangu wagome. Kuhusu mchanga hakutaja hata punje. "Itabidi nimfukuze wiki mbili," alisema. "Na siku hizi kuna agizo, mama. Kila mtoto tunayemfukuza au kumchapa, lazima tupeleke jina lake na sababu kwa ofisi ya elimu, Kisumu. Serikalini."

Neno hilo, serikalini, lilimtosha mama. Siku zile watu wa kwetu waliogopa sana majina yao yafike serikalini. Waliona huko hakutoki jema. Akapiga magoti pale pale kwenye simiti.

"Wuololo! Mwalimu, nakuomba. Mchape, mweke nyumbani, fanya utakavyo. Lakini usimwandike mtoto wangu."

Bwana Amolo akatabasamu. "Haya, Mama Selpha. Kwa sababu ni wewe, nitakusaidia. Sitamwandika. Akae nyumbani mpaka nimwite."

Mama akamshukuru. Akamshukuru, jamani! Kesho yake alimpelekea mbuta mzima, mnono, ambaye sisi wenyewe hatukuwa na uwezo wa kumla. Mpaka leo nikimkumbuka samaki yule nakasirika upya.

Wiki mbili zikaisha, hakuniita. Mama akaenda kuuliza, akaambiwa bado kidogo. Akaenda tena, akaambiwa asimsumbue mtu aliyemsitiri. Mimi nilibaki na omena, na wenzangu wakipita na makarai walinitania: "Selpha, wewe unakula likizo tu!" Nilicheka nao, halafu nikaingia ndani nikalia.

Jioni moja Mwalimu Shitanda alikuja kununua omena. Alitazama nyuma, akashusha sauti. "Mama, watoto wanasajiliwa kwa mtihani na wiki hii orodha inafungwa. Selpha hayumo. Nendeni ofisi ya elimu kesho."

"Mwalimu, si ulikuwepo siku ile ya mchanga? Mbona husemi wewe?"

"Mama, nina watoto wa kulisha," alijibu, akachukua omena zake akaenda zake. Sijui hata sasa kama nimshukuru au nimchukie.

Kesho yake tukaenda Kisumu. Ofisa aliyetupokea aliitwa Bi. Waithira. Alitusikiliza mpaka mwisho, akafungua faili la shule yetu, akasoma, akakunja uso.

"Shule yenu inasema muhula huu haikumwadhibu mtoto hata mmoja."

"Na huyu, madam?" mama akauliza.

"Huyu, kulingana na walivyoandika, ameacha shule mwenyewe."

"Lakini niliomba asiandikwe! Niliogopa mtaniharibia mtoto."

Bi. Waithira akavua miwani. "Mama, agizo hili halikuwekwa ili kumshtaki mtoto. Liliwekwa ili mwalimu aulizwe. Angeandikwa, tungeuliza sababu mapema, na ule mchanga tungeuona. Sasa tungeulizaje jambo ambalo hatukuambiwa?"

Mama alifinyafinya kitambaa chake cha kichwa. Halafu akasimama wima.

"Basi mwandike. Andika Selpha amefukuzwa. Andika ni kwa ajili ya mchanga wa nyumba ya Bwana Amolo. Na uandike kwamba nilipiga magoti."

Bi. Waithira aliandika yote. Siku chache baadaye wakaguzi wakaja shuleni, wakauona mchanga na nyumba iliyokuwa imefika juu ya madirisha. Kubeba mchanga kukakoma, nami nikarudishwa darasani. Bwana Amolo alihamishiwa shule nyingine, basi. Nyumba yake aliimaliza akaipaka rangi ya kijani, na mchanga wetu umo ndani ya kuta zile.

Ila kufikia siku hiyo orodha ya mtihani ilikuwa imeshafungwa. Bi. Waithira alipiga simu mpaka Nairobi, wakamwambia nisubiri mwaka ujao.

Asubuhi ya mtihani, mimi na mama tulikuwa tunaanika omena. Wenzangu walipita barabarani na sare safi na kalamu mpya. Safari hii hakuna aliyenitania.

Mama aliacha kazi akasema, "Selpha, mimi niliogopa pasipo pa kuogopa. Aliyekuwa na sababu ya kuogopa kuandikwa ni yule mwalimu, na mimi nikamsaidia kujificha. Sikia nikuambie. Mtu akikuadhibu halafu akakwambia ni siri kati yenu, usimshukuru. Nenda kaseme, tena useme mapema. Mimi nilichelewa, na wewe ndiye uliyelipa."

"Mwakani nitapita, mama."

"Utapita," alisema, lakini hakuniangalia. Alikuwa anawatazama wenzangu mpaka wakaingia langoni.