Sabuni Katika Boksi la Mashine

Boksi lilipofunguliwa, ndani hamkuwa na mashine. Mlikuwa na miche miwili ya sabuni ya kufulia, imefungwa kwa gazeti kwa uangalifu mkubwa, utadhani zawadi ya arusi.

Walioshuhudia ni Hajji Abdul-Latif, mwenye boksi, na mgeni wake aliyetoka Nairobi asubuhi ile kuja kubadilishana naye mashine za kale za gemu. Mgeni alicheka kwanza, akidhani ni mzaha wa Kiganda. Alipoutazama uso wa Hajji aliacha kucheka, akakumbuka ghafla kwamba ana safari ndefu ya kurudi.

Inspekta Akwero wa polisi alifika nyumbani kwa Hajji, mtaa wa Bukoto, mchana. Katika kazi yake alikwisha kutafuta pikipiki, majenereta, hata mbuzi wa mahari, lakini hakuwahi kutafuta mashine ya gemu iliyomzidi umri.

Chumba kizima kilikuwa na rafu kila ukuta, na kila rafu imejaa maboksi. Hajji aliendesha malori tangu ujanani, Mombasa hadi Bujumbura, na kila alikopumzisha injini aliuliza kama kuna mtu mwenye gemu la zamani. Alieleza kwamba mashine moja iliundwa kwa namna mbalimbali, kila namna na televisheni za nchi zake: hii ya Waingereza, hii ya Wajapani, ile ya nchi za Kifaransa. Machoni pa Akwero zote zilikuwa redio mbovu, lakini aliufyata ulimi. Mlalamikaji haudhiwi siku ya kwanza.

Iliyoibwa ilikuwa ya namna ya Zaire, yaani ile ya Kifaransa, ambayo Hajji aliinunua Bukavu. Ilikuwa ya kahawia, ina vinobu viwili vya kuzungusha, na mchezo wake ni kupiga mpira huku na huku. Hajji alimwonyesha video kwenye simu. Kitone cheupe kilirukaruka juu ya uwanja wa kijivu.

"Rangi haina," alisema. "Ni ya zamani. Nyeusi na nyeupe tu."

Akwero alikagua mahali pa tukio. Kufuli zima, nondo za dirisha hazijaguswa. Alama za vidole zilikuwa tele juu ya boksi, na hazikumsaidia kitu, kwa sababu kila mtu wa nyumba ile aliwahi kulipangusa vumbi.

Sabuni haikuwa na fumbo. Ilitoka kwenye katoni iliyowekwa koridoni, mali ya Sadik, mume wa binti yake Hajji, mwenye kibanda cha sabuni katika soko la Owino. Sadik na mkewe Munirah waliishi humo humo. Na Hajji alikwisha kuwa hakimu kabla polisi hawajafika: alimwambia mkwewe aondoke kabla jua halijazama. Munirah alikuwa chumbani anakunja nguo, na machozi yalidondokea nguo hizo. Akwero alimwona, moyo ukamuuma.

Alimhoji Sadik uani.

"Sabuni ni yako?"

"Ni yangu, afande."

"Nani anaweza kuichukua?"

"Kila mtu. Katoni iko kwa korido, hata wageni wa Hajji wanairuka."

"Mashine unazijua?"

"Mimi naona zote kitu moja. Hajji ananichekaga kwa hiyo." Kisha akasema polepole, "Huyu mzee ndiye alinilipia mahari ya binti yake mwenyewe, afande, wakati sina kitu. Mimi nimwibie vipi?"

Akwero alimwamini, na si kwa huruma tu. Maboksi yale yalikuwa meupe yote, bila picha wala jina. Aliyechagua moja alijua analotafuta. Aliyelijazia sabuni alijua pia uzito wa kilichotoka. Tena muuza sabuni akiiba, kitu cha mwisho atakachoacha nyuma ni sabuni.

Alimuuliza Hajji ni nani mwingine anayezijua mashine. Alikuwepo mmoja tu, Guerschom, fundi wa televisheni wa Katwe, mzaliwa wa Bukavu. Kila Ijumaa huja kucheza, na Hajji akienda kuswali humwacha chumbani peke yake, kwa kuwa Guerschom ni Mkristo na chai haijaisha.

"Huyo ni ndugu yangu," Hajji alisema. "Kwake usipoteze mafuta ya gari."

Akwero aliyapoteza.

Katwe ilikuwa inalia nyundo kila upande. Guerschom alimpa Inspekta kigoda, akamfutia vumbi. Akwero alimwambia tu kwamba mashine ya Bukavu imepotea, hakuzidisha neno.

"Unaijua?"

"Naijua sana, afande."

"Umeichezea wapi?"

"Kwa Hajji tu. Haitokagi pale."

"Nieleze ilivyo, nisije nikakamata nyingine."

Fundi akisifu mashine hujisahau. Guerschom alieleza kahawia yake, vinobu vyake, mlio wake. "Na iko na ugonjwa kidogo. Ikipata moto, ile kijani ya kiwanja inageuka manjano upande wa kushoto."

Akwero aliacha kuandika. "Kijani ipi?"

Guerschom aligeuza macho pembeni.

"Kwa Hajji haina rangi, fundi. Nimeiona kwa macho yangu. Wewe hiyo kijani umeiona kwa televisheni gani?"

Fundi aliinama, akaokota bisibisi isiyokuwa na kazi. Akwero hakumkaripia. Alimwambia tu kuhusu miche miwili ya sabuni, na kwamba Sadik anafukuzwa kwa ajili ya sabuni hiyo, na Munirah anafunga mizigo.

"Sadik?" Guerschom alisimama. "Hapana. Mi nilichukua sabuni juu ya vile ilikuwa karibu na mulango. Sikuwaza ni ya nani. Ni mi, afande. Andika ni mi."

Akafunua turubai pembeni. Chini yake kulikuwa na televisheni kubwa ya mbao iliyovushwa mpaka kutoka Bukavu, ya mfumo wa Kifaransa, ndio pekee unaozionyesha rangi za mashine ile. Mashine ilikuwa juu yake, imepanguswa mpaka inang'aa. Alikuwa ameichukua Ijumaa, wakati wa swala, akikusudia kuirudisha Ijumaa inayofuata. Alijua mashine ingebadilishwa na mgeni wa Nairobi, ila hakujua siku; mgeni akamuwahi.

"Kwa nini hukuomba?"

Aliomba, alisema, tena mara nyingi. Lakini sheria ya Hajji ni kwamba mashine haivuki kizingiti, na habari za rangi Hajji alizicheka.

"Kwetu tulikuwa na moja kama hii. Mukubwa wangu, kaka yangu Mushagalusa, njo yeye alinifundisha. Alikufa kwa vita. Mi nahadisia watoto wangu ile kiwanja ya kijani, na Hajji anasema haiko. Nikaanza kuogopa. Pengine hata mukubwa wangu namukumbuka vibaya. Na ikienda Nairobi, sitajua tena."

Akwero alimpigia Hajji simu, akamwambia aje Katwe.

Hajji aliingia na hasira zake zote, akaikuta televisheni imewashwa. Uwanja ulikuwa wa kijani, kijani ya majani ya migomba baada ya mvua. Mpira ulikuwa mweupe, na kuta nyekundu. Alisimama akitazama, mdomo wazi. Kisha akaketi chini kwenye sakafu ya oili, kanzu na yote.

"Guerschom," alisema mwishowe, "nilikucheka mimi."

Guerschom aliomba radhi huku analia. Hajji alimshika mkono, akamwambia Inspekta kwamba analiondoa shtaka.

"Hiyo ni haki yako, Hajji," Akwero alisema. "Lakini yuko mwingine uliyemhukumu."

Hajji aliuachia mkono wa Guerschom. Akatoa simu, akapiga mwenyewe.

"Sadik, mwanangu. Mwizi si wewe. Nimekukosea vibaya, na nimeona aibu. Usiondoke."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, Akwero naye akasikia.

"Sawa, baba," Sadik alisema. "Uko wapi? Tangu asubuhi umekula?"

Hajji alijifunika uso kwa mkono wa kanzu. Akamnyooshea Akwero simu ile, amwambie kijana kwamba bado hajala.