Jembe la Siku ya Tatu

Mwaisha alikuwa akitwanga mtama uani wakati Furaha, jirani yake, alipopenya ua wa mabua na kusimama pembeni bila kusaidia.

"Mama Mosi, acha mchi. Mumeo amerudi."

Mchi ukabaki hewani. Pazi alikuwa tarishi, mpeleka barua wa boma la Wajerumani. Miezi miwili na nusu ilikuwa imepita tangu Wadachi wamtwishe mfuko wa barua kwenda Kilimatinde, peke yake, kwa sababu mwenzake aliugua na bwana wa boma hakutaka kungoja. Reli ilikuwa bado kufika. Njia ilikatiza mbuga ya Mkata, ambako Wadachi walikataza watu kuwinda na wanyama wakajaa hadi njiani, ikapita Gairo, ikapita Mpwapwa, kisha ikaingia Marenga Mkali, nyika ya siku mbili isiyo na maji ila machungu yanayochoma koo. Watu huivuka kwa makundi, wakikimbizana na kiu. Pazi aliivuka peke yake, kwenda na kurudi.

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha mtoni." Furaha akashusha sauti. "Ila shoga, ana nini yule? Kafika kwenye gogo la kuvukia, akasimama kando, akanyoosha mkono hivi, kama anampisha mkwewe. Kangoja. Kisha ndiyo akavuka yeye."

"Alikuwa na nani?"

"Ndiyo nakwambia. Hakuwa na mtu."

Mwaisha akamaliza kutwanga, maana mtama wa nusu haupikiki, akaenda kuwasha moto.

Pazi alipiga hodi mlangoni pa nyumba yake mwenyewe. Watoto wakamrukia: Mosi wa miaka tisa, Pili wa sita, na Rehani, aliyeachishwa ziwa mwaka ule. Midomo ya baba yao ilikuwa imepasuka na mashavu yameingia ndani. Pamoja naye iliingia harufu ya vumbi la moto linapoangukiwa na tone la kwanza la mvua. Kilikuwa kiangazi, na mbingu ilikuwa nyeupe.

Jioni wakakizunguka chano kimoja cha ugali na majani ya kunde, kama kawaida. Walikula kimya mpaka Pili akasema, "Nani ana mkono wa baridi?"

"Kula," Mwaisha alimwambia. Lakini alitazama. Kati ya Pazi na Rehani palikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyekumbuka kuiacha, na upande ule wa ugali ulikuwa umemegwa, alama za vidole vitatu virefu zimebaki.

Asubuhi alichota maji mtungini, akayaonja, akayatema. Yalikuwa machungu. Akamfuata Pazi aliyekuwa ameketi kizingitini, akanong'ona ili watoto wasisikie.

"Baba Mosi, umekuja na nani?"

"Siku ya pili kule Marenga Mkali nilikaa chini ya mgunga, nikafungua mahindi yangu ya kukaanga. Nikasikia mtu anapita nyuma yangu. Sikuinua kichwa. Nikasema karibu."

"Ukasema karibu. Nyikani."

"Si ndivyo tulivyolelewa? Unakula, mtu anapita, unamkaribisha. Naye anajibu starehe, anakwenda zake."

"Huyu alijibuje?"

"Alisema, 'Nimekaribia.' Akakaa. Nikamsikia anatafuna. Nilipogeuka hapakuwa na mtu, na mahindi yalikuwa yamekwisha."

Tangu siku ile chakula hakikushibisha mtu. Mwaisha aliongeza unga, akasonga ugali mkubwa kama wa msiba, wakala wote na wakainuka na njaa. Aliyeumia zaidi ni Rehani, maana alikaa jirani na ile nafasi, na kila alipomega, mbele yake palikuwa pamekwisha kumegwa. Walijaribu kumhamisha. Nafasi ilihama naye. Wiki ya pili mbavu zake zilihesabika na miguu ikawa kama mabua. Jioni zikawa kitu cha kuogopwa: jua linashuka nyuma ya milima ya Uluguru, chungu kinateremshwa, harufu ya vumbi inaanza kupanda kutoka pembe ya nyumba ambako hakuna aliyekaa, watoto wanasogeleana bila kuambiwa, Pazi anainamisha kichwa asimtazame mkewe, na katikati ya midomo mitano inayotafuna taratibu ili isisikike unasikika mdomo wa sita, mkavu, unaotafuna bila haraka kama mtu aliyetoka mbali na anayejua kwamba hana sababu ya kuondoka.

Furaha alipoelezwa alijaribu kucheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umemlisha wiki mbili bure, ataondokaje?" Akaona uso wa mwenzake. "Natania, shoga."

Mwaisha hakulichukulia kama utani. Kwa jembe hilohilo alikwisha kumwondoa mjomba wa Pazi aliyekuja kuamkia akakaa miezi miwili, na binamu wawili wa Mikese. Hakuna mvivu anayelivumilia jembe. Jioni ile alichukua jembe lake, akaliweka chini kati ya Pazi na Rehani, akaitazama nafasi tupu.

"Kesho kuna shamba," alisema. "Hapa tunalima."

Kutafuna kukakoma. Harufu ya vumbi ikapungua, ikaisha. Mwaisha akajua amemtia aibu. Alilala kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Asubuhi jembe lilikuwa limesimamishwa mlangoni, limejaa udongo mbichi. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo, kingo zimenyooka, kina chake kinafika magotini. Mwaisha alipofika, Pili alikuwa amekwisha kumlaza Rehani ndani yake kwa mchezo.

"Tazama, mama. Limemtosha."

Alikuwa ametosha kweli. Kichwa kiligusa upande mmoja na nyayo upande wa pili, na baina yao hapakubaki hata upana wa kidole. Mwaisha akamnyakua mkono kwa nguvu hata mtoto akapiga kelele, na kelele zenyewe zilikuwa ndogo.

Mchana ule Pazi alipanda Kinole kumfuata Bi Shamsia, mganga na mkunga, na keshoye akateremka naye. Bibi alifika akichechemea, analalamikia goti na mawe ya njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nipe maji. Hapana, si hayo, nayasikia harufu nikiwa hapa."

Akachoma ubani, akasema maneno yake, akasikiliza. Mtungi ulitetemeka kwenye kigoda chake. Kabla ubani haujaisha akaufukia majivu mwenyewe.

"Nani alimpa jembe?"

"Mimi," Mwaisha akasema.

"Ulisemaje ulipompa?"

"Nilisema kesho kuna shamba. Hapa tunalima."

"Tunalima," Bi Shamsia akarudia. "Wewe na nani?"

Mwaisha akamvuta Rehani karibu.

"Alikuwa mgeni wa mumeo," mganga akasema kwa sauti ya chini, jicho lake kwenye mtungi. "Mgeni husindikizwa. Mumeo angemrudisha hadi alikomkuta, akamwambia kwaheri, yakaisha. Mimi ningewafundisha hilo bila hata kuchoma ubani. Sasa umempa jembe, amelima, na kwa kinywa chako umesema ni mwenzenu. Wa nyumbani hatolewi."

"Kwa hiyo?"

"Hulishwa. Asiposhiba chunguni atashiba kwingine. Umeona alicholima."

Pazi aliinuka. "Nitamsindikiza hata hivyo."

"Jaribu," Bi Shamsia akasema. "Pengine atafuata miguu aliyoizoea." Hakusema kama mtu anayeamini.

Pazi akaenda boma kuiomba safari ileile. Bwana wa boma akamsifu mbele ya askari kwamba huyu ndiye mtu wa kazi, akampa mfuko uliojaa. Alasiri alirudi kuaga. Mwaisha alikuwa amemfungia mahindi na kumjazia kibuyu.

"Nyika ile yote nilikuwa nikiwaza ugali wako," alisema Pazi.

"Najua." Akamfungia kamba ya kibuyu. "Ukila njiani, funga mdomo."

"Nitakula nimefunga mdomo vipi, mama Mosi?"

Walikaribia kucheka. Kisha Pazi akawashika watoto vichwa, mmoja mmoja, akamshika Rehani muda mrefu zaidi. Akasimama kando ya mlango, akanyoosha mkono. "Twende, bwana," akasema kwa adabu. Akangoja kadiri ya mtu kutoka, akatangulia njiani, anazungumza, anageuka nyuma kila hatua chache kuhakikisha mwenzake anafuata.

Mosi alikuwa amefagia ua mchana ule. Mwaisha akainama kutazama mchanga. Kulikuwa na nyayo za mtu mmoja. Nyuma ya mgongo wake, ndani ya nyumba, harufu ya vumbi la moto ilianza kupanda.

Pazi alikuwa bado hajafika mtoni. Sauti ingemfikia. Mwaisha alifungua kinywa amwite, amwambie kwamba anasindikiza upepo, kwamba hana haja ya kukanyaga tena Mkata wala Gairo wala kule kwenye maji machungu. Halafu akamtazama Rehani aliyeketi kizingitini, shingo yake haiwezi kubeba kichwa. Unga uliobaki aliujua mpaka kibaba cha mwisho. Akapiga hesabu ya vinywa, kile cha nyikani kikiwamo. Akafunga kinywa chake, akasimama pale mpaka mume wake alipovuka gogo, mkono wake ukimpisha asiyekuwepo.

Akarudi jikoni. Jua lilipozama hakutoa chano. Alitoa mabakuli, akakata ugali vipande. Mosi kipande chake, Pili chake, Rehani chake, na chake yeye kidogo kama cha mtoto. Bakuli la tano alilijaza mpaka juu, sehemu yote ya Pazi na nusu ya sehemu yake mwenyewe, akaliweka kwenye nafasi ile.

"Mama, hilo la baba?" Mosi akauliza.

"Kula."

Vidole virefu vikaanza kumega, bila haraka. Havikugusa bakuli jingine. Rehani alikula, akala tena, tumbo likajitokeza chini ya mbavu, na kabla hajamaliza akalala ameketi, mkono ungali ndani ya bakuli. Mwaisha akauacha hapohapo. Akawahesabu kwa macho, kama alivyofanya kila jioni kabla ya kufunga mlango: mmoja, wawili, watatu, yeye wa nne, na wa tano. Wote walikuwepo. Akainuka, akafunga.