Kibao Kilichoteleza Chini ya Meza ya Mazu

Kikombe cha Bun-hiong kilikuwa kimeoshwa.

Jamani, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile. Miaka mitatu tumefanya naye kazi, hajawahi kuosha kikombe hata siku moja. Chai inakaukia humo mpaka inaota ukungu!

Nikasimama nacho mkononi. Moyo ukaniambia… huyu ameondoka.

Nikafungua kabati. Kamera hakuna!

Daftari lenye namba za mahekalu yote arobaini… hakuna!

"Shangazi!"

Shangazi Kim-tsi akaja na mswaki mdomoni. Yeye ndiye mwenye kampuni yetu ya filamu. Kampuni yenyewe watu watatu: yeye anaongoza, Bun-hiong anapiga picha, mimi napika, nashika taa na kuendesha projekta.

"Ametuzunguka," akasema. Akaketi palepale sakafuni. "Siok-hun, yule ni mtoto wa kaka yangu mwenyewe!"

Kisha akashtuka. "Na filamu?"

"Ipo. Diski niliificha kwenye pipa la mchele."

"Kwa nini?"

Mimi ni mtu wa kuficha vitu, na mtu wa kunyamaza.

Filamu ilihusu wanawake wa kwetu, pwani ya Chiayi, wanaobandua chaza. Majumba ya sinema ya Taipei yote yaliikataa. Lilibaki hekalu la Mazu, Mama wa Bahari, na sikukuu yake ilikuwa siku hiyohiyo. Kwetu filamu huonyeshwa uani mwa hekalu, na viti vya mbele huachwa vitupu, vya miungu.

Wenyeviti wa mahekalu thelathini wangekuwepo. Wakiipenda, itazunguka pwani nzima. Wasipoiona, kesho mnunuzi wa vyuma chakavu anachukua lori letu, na kampuni imekufa.

Tukafika… tunamkuta nani? Bun-hiong! Amevaa fulana ya kampuni kubwa ya mjini, anafunga turubai lao jeupe la sinema palepale tulipozoea kufunga letu!

"Shangazi, umekula?" akasalimia bila aibu.

"Nimekula hasara ya kukulea."

"Usikasirike. Nani ataangalia wanawake wakibandua chaza? Si wanabandua kila siku?"

Watu wakacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mwenyekiti wa hekalu, mzee Tsai, akatema tambuu. "Msigombane mbele ya Mama siku yake. Atachagua mwenyewe. Mwenye ndiyo tatu mfululizo ndiye atakayeonyesha!"

Mtindo ni huu: unarusha vibao viwili. Kila kimoja kina upande bapa na upande wa mgongo. Kimoja bapa, kingine mgongo, Mama amekubali. Vikifanana, hakutaki.

Bun-hiong akarusha. Ndiyo.

Akarusha tena… migongo miwili! Kimenuka.

Shangazi akanisukumia vibao. "Rusha wewe, mwanangu."

"Mimi? Mbele ya watu wote hawa?"

"Rusha!"

Ndiyo.

Ndiyo!

Ya tatu… kibao kimoja kikatua mbele ya wote, mgongo juu. Kingine kikateleza chini ya meza ya sadaka, nyuma ya kitambaa chekundu.



Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya kitambaa. Moshi wa ubani ukaniingia machoni.

"Haya, binti?" Mzee Tsai akauliza.

"Bapa!"

Sijawahi kupaza sauti namna ile. Nikafunua kitambaa, wote wakaona.

Jioni wanawake wa chaza walikuja na buti zao za tope, wakajaza hata viti vya miungu. Hakuna aliyewafukuza. Walijicheka, kisha wakalia.

Mwezi ule tulizunguka mahekalu kumi na mawili. Mwaka wa pili, mia. Leo, mwaka wa tisa, tuko watu thelathini na wanne. Tunasambaza filamu za vijana waliokataliwa kama sisi, na yale majumba ya Taipei yanatupigia simu yenyewe.

Bun-hiong alirudi mwaka wa nne, akapiga magoti. Shangazi akampa kazi ya kwanza: kuosha vikombe vyote vya ofisi.

Ukutani Shangazi ameandika: MAMA ALITUCHAGUA. Kila kijana aliyekata tamaa anaonyeshwa pale.

Mimi hunyamaza. Ila filamu haitoki mpaka niseme imeiva. Moja niliirudisha mara saba! Wananiita mchoyo wa ndiyo. Wanadhani ni ukali.

Nyie, ukichukua kitu ambacho hukupewa, kifanyie kazi mpaka kistahili kuwa chako. Na bado usingizi utakupiga chenga.

Shangazi, najua unasoma ukurasa huu.

Kile kibao cha chini ya meza nacho kilikuwa mgongo juu. Mama alikataa.

Nilikigeuza mimi, kwa kidole hikihiki ninachoandikia.