Mstari wa Siku ya Kumi na Tisa

Kengele ya kutoka shule ilipolia, wenzake walikimbilia uwanja wa mpira. Mjukuu wangu alikimbilia uzio wa waya uliozunguka uwanja mdogo wa ndege, nyuma ya mtaa wetu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na watoto walimwita Rada kwa sababu alisikia ndege kabla ya mbwa kuisikia. Tukiwa mezani angeinua kidole, sote tukanyamaza, naye angesema, "Injini mbili. Inatua." Sisi tungeisikia baadaye.

Aliyemtania zaidi alikuwa mvulana wa darasa lake aliyeitwa Meneja, maana alipenda kugawa kazi kuliko kuzifanya. Siku moja alimwuliza mbele ya watu, "Rada, wewe utairusha ndege, au ndege itakurusha wewe?"

"Ikinirusha nitaangukia kwenu," Rada alijibu bila kugeuka. "Uwe tayari kufungua mlango."

Hata mama yake, aliyeshinda akifua mashuka ya hospitali, alimwuliza kama hapa chini kazi zimekwisha. Rada alisema hazijakwisha, ila zina foleni. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Ukimwambia maji ni ya moto, atatia kidole ahakikishe.

Pale uzioni kulikuwa na fundi wa ndege, mtu wa maneno machache, ovaroli yake imejaa grisi. Alipoona mtoto anasimama kila siku kwa saa nzima, alimpenyezea debe tupu chini ya waya ili apate pa kukaa. Hakusema kitu, akarudi kwenye karakana yake. Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Mwaka huo shule ya urubani iliyokuwa uwanjani hapo ilitangaza darasa la Jumamosi kwa wanafunzi. Kila shule ingepata nafasi moja. Sharti lilikuwa daftari la siku thelathini mfululizo. Mwanafunzi akae uzioni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, aandike kila ndege aliyoiona, saa yake, rangi yake, na herufi za mkiani. Siku isiyo na ndege aandike "Hakuna ndege." Asipofika siku moja tu, daftari limekufa. Fundi alicheka akasema kwamba anayetaka kuruka haruhusiwi kuruka hata siku moja.

Shuleni kwao walianza watatu. Meneja aliacha siku ya nne, akisema jua linamharibia ratiba. Wa pili aliacha siku ya tisa. Akabaki Rada peke yake, na mwalimu wake wa darasa akafurahi kama baba. Ndiye aliyempa daftari, akalifunika kwa karatasi ya kaki kwa mikono yake mwenyewe ili lisiloe.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Jumatatu, na siku hiyo mimi nilikuwa na miadi ya kliniki ya macho. Macho yangu yalikuwa yamefifia, watu nawaona kama wako nyuma ya pazia. Mama yake alikuwa kazini, kwa hiyo Rada alitoka shule mapema akanishika mkono. Tulidhani tutamaliza saa tisa. Foleni ilikuwa ndefu, nikawa nageuka kila mara kumwambia aende tu, nitajipapasa hadi nyumbani. Alikataa. Tulitoka saa kumi na moja na nusu.

Nyumbani alikaa mezani, nikasikia kalamu ikikwaruza. Nilimwuliza anaandika nini, akasema ya leo. Ndege ya saa kumi na dakika kumi, nyeupe yenye mkia wa bluu, haikuwa imekosa kuja hata siku moja tangu aanze. Aliiandika kama alivyoiandika jana na juzi. Nilijua hakuiona, lakini nilinyamaza. Nilijiambia kwamba mtoto amepoteza saa yake kwa ajili yangu, basi na mimi nimpe kimya changu. Haikuwa zawadi nzuri.

Siku ya thelathini iliisha Ijumaa. Jumamosi tulikwenda wawili uzioni kumpa Fundi habari njema. Alifurahi, akatuonyesha kidole gumba chake kilichofungwa bandeji, na kwa mara ya kwanza akasema sentensi nyingi kwa pamoja. Alisema kidonda hicho alikipata Jumatatu ya wiki iliyopita, alipokuwa ndani ya ile yenye mkia wa bluu. Ilikuwa imelala karakanani siku nzima, injini iko sakafuni, na abiria wakapelekwa kwa gari.

Mkono wa Rada ulikuwa mkononi mwangu. Nilihisi ukipoa.

Akamwuliza Fundi wao wakikosea kuandika hufanyaje. Fundi akaleta kitabu cha matengenezo, akakifungua karibu na waya. Palikuwa na mistari iliyopigwa juu ya maneno, na pembeni maneno mengine na sahihi.

"Hatufuti na hatuchani," alisema. "Unapiga mstari mmoja tu, kosa libaki linasomeka. Unaandika la kweli pembeni, unatia sahihi. Mimi nikiona kitabu kisicho na kosa hata moja, naikagua ndege upya."

Usiku ule Rada hakula vizuri. Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya chai, alifungua daftari akapiga mstari mmoja juu ya siku ya kumi na tisa. Pembeni aliandika: "Sikuwepo. Nilikuwa kliniki na Bibi. Hii nilitunga." Hakuwa na sahihi, akaibuni hapo hapo, yenye kipande kirefu nyuma kama mkia.

Mwalimu alitakiwa kugonga mhuri wa shule kabla daftari halijapelekwa. Alipofika kwenye mstari ule alivua miwani. Alifunga mlango wa ofisi wakabaki wawili, si kwa hasira, bali ili wengine wasisikie. Rada alinisimulia yote jioni ile.

Mwalimu alimwuliza kama ndege hiyo ilikuja siku ile. Rada akasema haikuja, ilikuwa karakanani.

"Basi kuna shida gani?" Mwalimu akasogeza ukurasa safi mbele yake. "Nakili upya ukurasa huu. Hapa andika 'Hakuna ndege.' Huo ni ukweli mtupu, hata Fundi atakuunga mkono."

Rada aliutazama ule ukurasa safi. Aliniambia kwamba ulimvuta kweli, maana maneno yale yangekuwa sahihi, na nafasi ingebaki yake, na hakuna ambaye angeweza kumwita mwongo.

"Ni kweli, Mwalimu," alisema. "Lakini sikuiona mimi. Nitakuwa nimeandika kweli ya Fundi kwa sahihi yangu."

"Unajua shule nzima ina wewe peke yako?"

"Najua, Mwalimu."

"Daftari la hivi sigongi mhuri. Nikigonga, nimekuua kwa mkono wangu."

"Basi nitalipeleka bila mhuri," Rada alisema, akalichukua, akaaga kwa heshima, akatoka.

Alipita nyumbani kunichukua. Meneja alikuwa ameshapata habari, akatufuata nyuma akisema kwamba Rada amejikata mabawa mwenyewe. Rada alimwambia afadhali aliyejikata kuliko asiyewahi kuota. Mimi nilitembea polepole, nikimwomba Mungu huyo mkuu wa shule ya urubani awe na moyo.

Mkuu mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mvi zimeanza, wote wakimwita Kapteni. Alinivutia kiti kabla hajakaa yeye. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Kwenye siku ya kumi na tisa kidole chake kilisimama.

"Nani amekuambia upige mstari huu?"

"Hakuna."

"Mwalimu wako anajua?"

"Anajua. Ndiyo maana hakuna mhuri."

Kapteni alifunga daftari. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba sharti ni siku thelathini, na hapa ziko ishirini na tisa. Pungufu ya siku moja ni pungufu. Wako watoto wa shule nyingine waliokaa siku zote, wengine wenye shida kubwa kuliko za Rada, na hawezi kuwadhulumu kwa sababu ya mtoto aliyesema kweli. Nafasi hakumpa.

Nilisikia mjukuu wangu akivuta pumzi. Nilidhani atalia, na nilikuwa nimeshatafuta kitambaa. Lakini aliinua kidevu, kama afanyavyo akiambiwa maji ni ya moto.

"Naomba kuanza upya, Kapteni."

"Darasa linaanza baada ya wiki mbili. Nafasi ya shule yenu itapewa shule nyingine, hakuna itakayokungoja."

"Sijaomba nafasi. Nauliza kama naruhusiwa kuanza." Aligeukia saa iliyokuwa ukutani. "Ni saa kumi kasoro dakika tano. Nikikimbia, leo itahesabika."

 Kapteni alifungua droo, akatoa daftari jipya, akaandika tarehe juu yake. Rada akakimbia. Mimi nilibaki nimekaa, na Kapteni akanipa maji ya kunywa na kuniuliza macho yangu yanaendeleaje.

Siku thelathini za pili zilikuwa ngumu kuliko za kwanza. Mvua ilinyesha wiki nzima, na kila jioni alirudi kalowa hadi soksi. Katika mvua ile aliandika "Hakuna ndege" siku nne mfululizo, akiwa amekaa juu ya debe na gunia la plastiki kichwani. Watoto walipita wakimwuliza kama anasubiri samaki. Darasa la Jumamosi lilianza bila yeye, akawaona wenzake wa shule nyingine wakizunguka ndege ya mafunzo, ya njano, ndani ya uzio, na yeye nje. Aliandika saa waliyoruka. Aliandika rangi na herufi. Nilimwuliza kama haimuumi. Alisema inauma, lakini ameiona.

Siku ya kumi na saba ilikuwa siku yangu ya kurudi kliniki kuchukua miwani. Rada alikuwa ameshavaa viatu vya kunisindikiza, amekunja uso, tayari kupoteza tena siku zote. Mlango ukabishwa. Alikuwa Mwalimu, ambaye Rada alikuwa amemwomba ruhusa ya kutoka mapema.

"Mama, leo nitakushika mkono mimi," alisema. Kisha akamwambia Rada, bila kumtazama sana, "Wewe nenda kazini kwako."

Kwenye foleni nilikaa naye kwa muda wa saa tatu. Alinishikia namba yangu, akaninunulia chai. Hakuongea mengi, ila mara moja alisema kwamba ameshika chaki miaka ishirini, na kuna somo amelipata kwa mtoto asiyekuwa hata na kipande cha chaki.

Siku ya thelathini daftari lilipigwa mhuri. Lilikuwa na mistari mitatu iliyokatwa, kila mmoja na sahihi yake yenye mkia, kwa sababu mara moja alikosea saa na mara mbili alikosea herufi. Mwalimu aliipitia yote mitatu, akagonga mhuri kwa nguvu hadi wino ukaruka mezani.

Kapteni aliyaweka madaftari mawili mbele yake, la zamani na jipya. Tulikuwepo Mwalimu, Fundi, mimi na Rada.

"Mtoto mmoja ameacha darasa, familia yake imehama," alisema. "Nafasi ni yako, na hujapewa bure. Umeifanyia kazi siku hamsini na tisa." Akagusa lile daftari la zamani. "Lakini nataka ujue kwa nini sikukupa siku ile, na kwa nini nililitunza hili. Rubani akiwa juu, haoni ndani ya tangi, wala haoni chini ya injini. Anaamini kilichoandikwa. Aliyeandika 'nimekagua' bila kukagua, hata kama kila kitu ni kizima, ameandika uongo uliobahatika. Bahati ikiisha, huko juu hakuna pembeni pa kuegesha. Kukosea tutakosea sote. Andika ulichoona, na ukikosea, kosa lako libaki linasomeka."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, akasema, "Ndivyo," na hayo yakawa maneno yake yote.

Jumamosi iliyofuata Rada alivaa nguo zake safi. Kabla ya kuingia uwanjani alinikabidhi daftari na kalamu.

"Bibi, leo andika wewe. Mimi siwezi kuwa juu na chini."

Nilikaa kwenye debe lake. Meneja alikuja akasimama kando yangu, mikono mfukoni, bila utani wowote. Saa kumi na dakika kumi na mbili ile ndege ya njano ilikimbia, ikanyanyuka, ikapita juu ya paa la nyumba yetu. Nilikuwa na miwani mpya, na niliiona vizuri, hata mkono mdogo dirishani.

Nilianza kuandika. Saa niliijua, rangi niliiona. Nilipofika kwenye herufi za mkiani kalamu ilisita. Nilizijua herufi hizo, Rada alikuwa amezitaja nyumbani mara mia. Meneja alichungulia akaninong'oneza, "Zijaze tu, Bibi, kila mtu anazijua."

Niliandika: "Njano. Imeruka vizuri. Herufi sikuziona, macho yalikuwa na machozi." Kisha nikatia sahihi.